Ndizi mbivu huwaitaje wenzake?

Shangazi yangu havundiki ndizi bila kutia moja iliyokwisha kuiva. Ua wake uko Ngamiani, mjini Tanga, barabara ya nane, na kwenye kona ya ua lipo pipa la bati nililolikuta tangu nina akili. Mikungu humfikia alfajiri ikitoka Muheza na milima ya Amani. Anaikata chane kwa chane, anazipanga pipani zikiegemeana, anaweka kigae chenye makumbi ya nazi yanayofuka moshi bila kuwaka, kisha anafunika kwa majani makavu ya mgomba na gunia. Ila kabla ya gunia lazima iingie ile ndizi moja yenye madoa meusi. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini anaipoteza, maana ndiyo niliyokuwa nikiitamani. Akanijibu, "Hiyo inawaita wenzake, mwanangu."

Nililichukua jibu hilo kama maneno ya kumnyamazisha mtoto. Miaka mingi ikapita. Siku moja, katika maabara ya chuo kimoja mbali na bahari, nimeinama juu ya nyanya yenye rangi mbili, nikatambua kwamba shangazi alikuwa amenieleza kazi yangu yote kwa maneno matatu.

(Wako watakaosema kuvumbika. Mimi nimekua na kuvundika, na ndivyo nitakavyoandika.)

Mwito wenyewe wa ndizi ni gesi iitwayo ethilini, molekuli ndogo mno, kaboni mbili na haidrojeni nne. Mwaka 1901 kijana Mrusi, Dimitry Neljubow, aliona miche ya njegere aliyoiotesha gizani ndani ya maabara huko St. Petersburg ikinenepa, ikidumaa na kulala upande. Akaifuatilia mpaka akaikamata sababu: ethilini iliyokuwamo kwenye gesi ya taa. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba tufaha linaloiva hutoa gesi hiyo lenyewe. Moshi wa makumbi unayo. Ndizi yenye madoa inayo. Na tunda la aina ya ndizi au nyanya likishaonja ethilini kidogo huanza kutengeneza yake kwa wingi, ikamfikia jirani, naye akaanza. Pwani tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwenye pipa la shangazi kinachosambaa si uozo, ni habari.

Nitaje kabaidi hapa, kwa kuwa inaniuma. Wapo wanaoivisha maembe na ndizi kwa kabaidi ile ya mafundi wa kuchomelea. Ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayofanana na ethilini kiasi cha kulidanganya tunda. Lakini kabaidi ya viwandani huja na masalia ya aseniki na fosforasi, vitu visivyofaa kukaribia chakula. Makumbi na ndizi mbivu vinatosha. Vimetosha tangu enzi za bibi zetu.

Shuleni nilifundishwa kwamba homoni ni kemikali inayoamrisha: auksini huamuru shina lirefuke, ethilini huamuru tunda liive. Nilikariri, nikafaulu mtihani. Leo nasema maelezo hayo hayatoshi, na yanamzuia mwanafunzi kuona mahali penye uhondo. Ethilini ile ile inayolainisha ndizi ndiyo inayodondosha jani, ndiyo inayonyausha ua kwenye chombo, ndiyo inayodumaza mche wa njegere, na ndiyo hiyo hiyo inayorefusha shina la mpunga wa mabondeni maji yanapopanda. Gesi moja, kazi nyingi, nyingine zinapingana kabisa. Hiyo amri imeandikwa wapi?

Wazee wana jibu: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pembe hulia mlio mmoja tu. Haisemi ni jambo gani wala haimwambii mtu afanye nini. Mvuvi akiisikia anakimbilia ngalawa, mwenye duka anavuta milango, mama anaita watoto ndani. Maana ya mbiu iko kwa anayeisikia. Homoni ni mbiu. Mwenye kutaka kuielewa asitumie umri wake kuipima pembe; aende nyumba kwa nyumba awaulize wasikilizaji.

Tatizo ni kwamba wasikilizaji ni wengi. Nyanya peke yake ina jeni takriban 35,000. Utamjuaje aliyesikia na aliyepita njia tu? Njia niliyofundishwa, na ambayo mpaka leo naiona ni ya kiungwana kuliko zote, ni kumziba mmoja masikio, ukaacha wengine wote kama walivyo, kisha ukaipiga mbiu na kuangalia ni kazi gani haikufanyika.

Njia hiyo ilipatikana kwa mshangao. Mwaka 1990, huko California, Carolyn Napoli na Richard Jorgensen pamoja na mwenzao walitaka petunia yenye zambarau iliyokolea. Wakaongeza jeni ya kutengeneza rangi juu ya ile ambayo ua lilikuwa nayo tayari. Maua mengi yakatoka meupe, mengine na mabaka. Waliongeza jeni, wakapata kimya, na jeni ya asili ikanyamaza pamoja na ile ngeni. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello, wakifanya kazi na minyoo, wakaonyesha kwamba kinachonyamazisha ni RNA, yaani kemikali ya nakala za jeni, ikiwa na nyuzi mbili, na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Kati ya hapo, mwaka 1999, Andrew Hamilton na David Baulcombe wa Uingereza walikwishaziona kwenye mimea zile RNA fupifupi zinazoifanya kazi hiyo.

Utaratibu wenyewe nauona kama kazi ya karani wa bandarini. Jeni haifanyi kazi moja kwa moja. Hutoa nakala, yaani RNA mjumbe, na kwa nakala hiyo seli hutengeneza protini. Nakala halali ina uzi mmoja. Seli ikikuta RNA yenye nyuzi mbili huishuku. Kimeng'enya kiitwacho Dicer huikatakata vipande vya herufi 21 hadi 24. Kila kipande hushikwa na protini ya Argonauti, ambayo huzunguka nacho ikikilinganisha na nakala zote zinazopita. Nakala itakayolingana nacho hukatwa. Jeni inaendelea kuandika, lakini barua zake zinachanwa kabla hazijasomwa. Na vipande hivyo hupenya kutoka seli hadi seli, hata husafiri na maji ya sukari mpaka kwenye majani ambayo bado hayajachanua.

Kwa nini mmea uwe na karani mkali hivyo? Kwa sababu ya virusi. Virusi vingi vya mimea maumbile yake ni RNA, na vinapozaliana hupitia hali ya nyuzi mbili. Kunyamazisha jeni ni kinga ya mmea, na ilikuwepo kabla hatujaigeuza chombo cha maabara.

Hapa sina budi kurudi Tanga, kwa kuwa sehemu ya habari hii imeandikwa kwenye udongo wetu. Marehemu bibi yangu alikuwa na shamba la mihogo Pongwe. Nakumbuka mwaka mmoja alivyong'oa shina lenye majani mazuri tu, ya kijani, akalivunja muhogo wake, ndani ukawa na mabaka ya kahawia makavu kama kizibo. Akavunja wa pili. Akavunja wa tatu. Hakusema neno, alikaa chini kwenye tuta. Ule ulikuwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na ubaya wake ndio huo: juu unaweza kukuonyesha kheri, shari umeizika chini. Aliyeueleza kwanza kitaalamu ni H. H. Storey, mwaka 1936, akiwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, kile kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 juu kule milimani, ambako leo watu wengi hupanda kutazama vipepeo na ndege. Batobato ya mihogo nayo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na Mjerumani Warburg, kutokana na mihogo ya nchi hii hii. Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, na kwa vipando tunavyogawana majirani kwa nia njema.

Ndani ya jani la muhogo ule wa bibi palikuwa na vita. Karani alikuwa akikata RNA ya kirusi, na kirusi nacho kilikuwa kikijibu, maana virusi vya mimea vimejifunza kutengeneza protini za kumfunga karani mikono. Wanasayansi wamelitazama pambano hilo, wakasema tumpe karani mfano wa barua ya adui kabla adui hajafika. Ndivyo ilivyotengenezwa mihogo inayobeba RNA ya nyuzi mbili yenye kulingana na virusi vya michirizi ya kahawia, na mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa viumbe ya Kenya iliruhusu hatua ya kuifikisha mashambani kwa majaribio zaidi. Najua watu wanabishana juu ya mazao ya namna hiyo, na wana haki ya kuuliza kila swali. Ninachoomba ni kwamba anayebisha ajue kwanza kwamba mkasi huo ulikuwemo ndani ya muhogo tangu zamani.

Baada ya virusi kueleweka hivyo, likaja wazo lililonivuta mimi kwenye sayansi hii. Ikiwa mmea hukata kila kinachofanana na kirusi, je, ukikibebesha kirusi kipande cha jeni ya mmea wenyewe? Karani atakata vyote viwili. Atakinyamazisha kirusi, na hapo hapo ataikata nakala ya jeni ya nyumbani. Huhitaji kusubiri vizazi wala kutengeneza mbegu mpya. Kirusi kinachopendwa kwa kazi hiyo ni kimoja cha tumbaku, kifupi chake TRV, kwa kuwa hakiutesi sana mmea na hufika hadi kwenye vichipukizi.

Nilipewa jeni moja ya nyanya, EIN2, mmoja wa wasikilizaji wa ethilini. Unakata kipande chake, herufi kama mia tatu tu, unakipachika kwenye DNA iliyobeba maumbile ya kirusi, na DNA hiyo unaiingiza kwenye Agrobakteria, bakteria wa udongo ambaye kwa tabia yake huingiza DNA ndani ya seli za mimea. Maumbile ya TRV yako sehemu mbili, kwa hiyo unakuza bakteria wa namna mbili, mmoja na nusu yake, mwingine na nusu nyingine yenye kipande chako, na kuwachanganya kabla ya kudunga. Kwenye jani unatumia bomba la sindano lisilo na sindano. Unaubana mdomo wa bomba kwenye mgongo wa jani, kidole kikiwa upande wa pili, unasukuma taratibu, na unaona maji yanatanda ndani ya jani kama mafuta kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi. Sijawahi kulichoka tendo hilo. Kwa tunda, unadunga kwenye kikonyo, nyanya ikiwa bado kijani na imeshika mti wake.

Lakini hakuna anayeanza na jeni anayoitaka. Unaanza na PDS. Jeni hii inahitajika kutengeneza rangi za karoti zinazokilinda kijani cha jani dhidi ya jua, na ikinyamazishwa jani jipya hutoka jeupe kama karatasi. Ukiona weupe, umejua kirusi kimefika na karani amefanya kazi. Usipouona, hata ukipata matokeo mengine mazuri kiasi gani, huna haki ya kuyaamini.

Mara ya kwanza sikuona jani jeupe hata moja. Kipoza hewa cha chumba cha mimea kilizima Ijumaa jioni, hakuna aliyepita kukagua, na Jumatatu nilikuta chumba kina joto la Tanga la mwezi wa pili. Katika nyanya TRV hufanya kazi vizuri kwenye ubaridi wa nyuzi 20 hadi 22. Miche 24 niliyoilea kwa wiki tano ilikuwa imenawiri, yote kijani, haina habari na mimi. Nililia pale pale, nimeshika chupa ya kunyunyizia. Kisha nikapanda mingine.

Mara ya pili weupe ulitokea, ila nikaangushwa na kitu kingine. Mimea yangu ya kulinganishia, iliyopewa kirusi kitupu bila kipande chochote, ilidumaa kuliko ile yenye EIN2. Ningekuwa na haraka ningeandika kwamba kuinyamazisha EIN2 kunakuza mmea. Mwalimu wangu akaniambia nifikiri: kirusi kisichobeba mzigo kinakimbia zaidi na kudhuru zaidi. Mlinganisho wa haki ni kirusi kilichobeba mzigo usiohusiana na mmea, mfano kipande cha jeni ya konyeza wa baharini inayomfanya ang'ae kijani. Tangu siku hiyo, nikisoma kazi yoyote ya namna hii, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni kirusi chao cha mlinganisho walikipakia nini.

Mara ya tatu nikaipata nyanya yenye rangi mbili. Upande mmoja ulikuwa mwekundu kama nyanya yoyote ya soko la Mgandini, upande wa pili kijani kilichopauka, na mpaka kati yao haukunyooka, ulikwenda kama ramani ya pwani. Nilizikata sehemu mbili, nikapima nakala za EIN2. Kwenye wekundu zilikuwepo kwa wingi. Kwenye kijani zilikuwa zimepungua sana, ingawa hazikuisha. Watafiti wa China walikwishaonyesha mwaka 2005 kwamba jambo hili hutokea kwenye tunda lililo mtini, kwa hiyo sikugundua lolote jipya kwa dunia. Kwangu lilikuwa jipya kabisa.

Swali likabaki: sehemu ile ya kijani ilikosa mbiu, au ilikosa masikio? Hapa ndipo nilipomkumbuka shangazi. Nikachukua nyanya nyingine ya rangi mbili, nikaifungia ndani ya mtungi pamoja na ndizi tatu zenye madoa. Wiki nzima. Wekundu ulizidi kulainika mpaka ukaanza kuvuja. Kijani kikabaki kijani.

Linganisha na nyanya waliyotengeneza Athanasios Theologis na wenzake Marekani mwaka 1991. Wao waliinyamazisha jeni ya kutengeneza ethilini yenyewe. Matunda yao yalikaa mtini bila kuiva, lakini yakipewa ethilini kutoka nje yaliiva, yakawa na rangi na harufu yake. Tunda lao lilikuwa na masikio, lilikosa mbiu. Langu lilizungukwa na mbiu, likakosa masikio. Kwa macho, yote mawili ni nyanya za kijani. Ndizi mbivu tatu ndizo zilizozitofautisha.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeniandaa nalo, na nikilieleza darasani naona wanafunzi wakikaa vizuri vitini. EIN2 iko katikati ya mnyororo unaoipokea habari ya ethilini ndani ya seli. Juu yake kuna CTR1, na juu ya CTR1 kuna vipokezi vyenyewe vya ethilini. Ungetarajia kwamba ukiinyamazisha CTR1, mmea utakuwa kiziwi kama nyanya yangu. Ni kinyume. Mwaka 1993 Joseph Kieber na wenzake walichunguza mmea mdogo wa Arabidopsis ambao CTR1 yake imeharibika, wakaukuta una dalili zote za mmea uliozama kwenye ethilini, ilhali hakukuwa na ethilini ya kutosha hata kuzungumziwa.

Maelezo yake ni haya. Kipokezi kiko kwenye utando ndani ya seli, kimeshika chembe ya shaba. Kisipopata ethilini hakilali. Kinaishughulisha CTR1, na CTR1 inaitia EIN2 alama za fosfeti ili isitoke mahali pake. Ethilini ikiigusa ile shaba, kipokezi kinazimika, CTR1 inaachia, EIN2 inakatwa, mkia wake unaingia kwenye kiini cha seli, na jeni za uivaji zinaamka. Kipokezi basi ni bawabu aliyeshika mlango. Akiisikia mbiu, anaondoka zake. Tunda bichi ni tunda lililozuiliwa, kila saa, kila seli, na kuiva kwake ni kuachiwa.

Na si ethilini peke yake. Mwaka 2005 ilijulikana kwamba auksini hufanya kazi kwa kukibandikiza kipokezi chake, TIR1, kwenye protini za kizuizi ili zipelekwe kuharibiwa. Jibarelini, homoni nyingine ya mimea, nayo huondoa vizuizi. Homoni ya majeraha, jasmonati, hali kadhalika. Homoni iitwayo saitokinini haifuati mkondo huo: kipokezi chake kikiipata huwasha, hakizimi. Hiyo ndiyo homoni iliyomo kwenye maji ya dafu, yale ambayo Johannes van Overbeek na wenzake waliyatumia mwaka 1941 kulea viini vichanga vya mnanaha, mmea unaoota jalalani hapa hapa kwetu. Sijui mtu mwingine wa Tanga anajisikiaje akiisoma habari hiyo. Mimi nilitabasamu siku mbili.

Kazi ya kunyamazisha ina mitego yake, na mkubwa ni wingi wa mabawabu. Nyanya ina vipokezi saba vya ethilini. Mwaka 2000 kundi la Harry Klee huko Florida lilipunguza kimoja, kiitwacho NR, na tunda likaonekana halijali. Walipotazama ndani wakakuta kipokezi kingine, LeETR4, kimeongezeka kuziba pengo. Bawabu mmoja kaondoka, mwenzake kachukua zamu mbili. Walipompunguza huyo wa pili, mmea ukawa mwepesi mno kuisikia ethilini. Mtafiti mwenye haraka angeishia kwa wa kwanza na kuandika kwamba NR haina kazi. Kimya cha matokeo si ushahidi wa kukosekana kwa kazi, na nimeona makala nyingi mno zinazosahau hilo.

Siku hizi wengi wanahamia kwenye kuikata jeni moja kwa moja ndani ya DNA, na ni chombo kikali. Mimi bado natetea kunyamazisha. Jeni ambayo mmea hauwezi kuishi bila yake ukiikata tangu mbegu huna mmea wa kuuchunguza. Ukiinyamazisha kwenye tunda lililokwisha kukua, unapata kusikia ilikuwa inasema nini. Mabaka yake, ambayo wengine wanayalalamikia, kwangu ni zawadi: tunda moja, mti mmoja, jua moja, na pembeni yake jirani aliyesikia.

Niliporudi nyumbani nilimwonyesha shangazi picha ya ile nyanya kwenye simu. Aliisogeza mbali kidogo na macho, akaiangalia kwa muda.

"Huku haijasikia," akasema, kidole kwenye kijani.

"Ndiyo, shangazi. Tuliiziba masikio."

"Na chungwa la Muheza je? Lile linakuwa tamu likiwa kijani. Nalo mmeliziba?"

Sikuwa nimelitegemea swali hilo, na ni swali la mtu anayejua matunda. Nikamweleza kwamba chungwa si la ukoo wa ndizi. Halingoji ethilini ili liwe tamu. Huiva polepole juu ya mti. Ganda lake ndilo linalobadilika likipata usiku wa baridi, na Muheza hakuna baridi hiyo, kwa hiyo kijani kinabaki nje na utamu uko ndani. Huko ng'ambo wenye viwanda huyafukiza machungwa ethilini ili ganda tu lipate rangi ya kumridhisha mnunuzi. Sukari ya ndani haiguswi. Shangazi akasikitika. "Basi watu wanatupa pesa kwa ajili ya ganda," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Jumamosi iliyofuata nikaja na ndoo mbili zenye mifuniko. Tukagawa chane moja ya kijani nusu kwa nusu. Ndoo ya kwanza tukaweka ndizi kama zilivyo. Ya pili tukaongeza vipande vya tofali nilivyovilowesha kwenye pamanganeti ya dukani, nikaviweka ndani ya mfuko uliotobolewa ili visiguse chakula. Pamanganeti huila ethilini, na inapoila rangi yake ya zambarau hugeuka kahawia. Humo ndizi zina masikio yote, ila mbiu inamezwa kabla haijawafikia. Shangazi akauliza kama tusitie moshi. Nikamwambia tusitie kwa leo.

Siku ya sita alinipigia simu kabla ya saa moja asubuhi. Nikamkuta uani amekwisha kufungua. Ndoo ya kwanza zilikuwa njano. Ya pili zilikuwa kijani, ngumu, na matofali yamegeuka kahawia kwenye kingo. Alizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, bila haraka, mpaka akazimaliza.

"Hizi hazijaitwa bado," akasema. Akautoa mfuko wa matofali, akaniachia mkononi, akaingia ndani na kutoka na ndizi moja yenye madoa. Akaitia ndooni, akafunika.

"Njoo kesho kutwa."